Rigobert Mwenze, Aliyepima Udongo kwa Meno

Marehemu Rigobert Mwenze, tunayemzika leo Alhamisi tarehe 12 Septemba 1957 hapa Élisabethville, alizaliwa tarehe 14 Machi 1911 katika kijiji kimoja karibu na Kabalo, kaskazini ya Katanga. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Mwenze Ilunga na mama Ngoie. Wasifu huu ulipaswa kusomwa na baba mdogo Désiré, mdogo wake marehemu, lakini tangu juzi sauti imemkauka kwa kulia. Ninausoma mimi Edith, binti yake mkubwa, na ni mimi niliyeuandika. Mtanivumilia, maana kuna mahali nitatoka kwenye njia ya kawaida ya karatasi hizi.

Mwaka 1922 babu yetu alipata kazi ya kutandika reli, akahamia mjini na watu wake wote. Marehemu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisoma shule ya mapadri mpaka mwaka 1928, akatoka na cheti. Walimu walimpenda kwa hesabu na kumchapa kwa ajili ya mifuko yake, iliyokuwa imejaa madonge ya udongo kila siku. Bibi Ngoie alikuwa anayagundua akisha kuloweka kaptula. Ndoo nzima inageuka tope, na marehemu anaulizwa kama ameanza kulima ndani ya nguo.

Tarehe 2 Januari 1930 aliajiriwa katika maabara ya serikali iliyokuwa inachunguza udongo na mawe ya Katanga. Alianza kwa kufagia. Mwaka 1932, kazi zilipoanguka mjini, alifukuzwa, akakaa miaka miwili akifyatua matofali. Huko ndiko alikojifunza jambo lililomfanya awe mtu tuliyemjua: unachukua kipande kidogo cha udongo, unakisaga polepole kwa meno ya mbele, na mchanga ukiwemo, meno yanausikia. Walipomwita tena maabara mwaka 1934, alirudi na meno yake. Wazungu walicheka. Walinyamaza walipoona kwamba majibu yake na majibu ya mashine yanakubaliana.

Tarehe 25 Aprili 1936, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Simone Mumba. Alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, alikuta ukuta unakandikwa upya, akashindwa kujizuia. Alimega udongo, akautia mdomoni mbele ya wazee wote. Kwetu udongo huliwa na wanawake wenye mimba. Bibi, mama yake mama, alimtazama vizuri, akauliza: "Sasa mukwe, ni weye njo uko na mimba?" Ukoo ulicheka mpaka chakula kikapoa. Hata mwezi uliopita, shangazi zangu walipokuja kumwona mgonjwa, walimuuliza atajifungua lini, naye alicheka ingawa kucheka kulimuumiza kifua.

Sasa nifike kwenye kazi iliyojaza miaka yake ya mwisho, kwa sababu wengi mnaijua nusu. Mwaka 1948 maabara ilitengeneza udongo usiopasuka motoni, wa kukandika ndani ya tanuru za viwanda. Siri yake ilikuwa kuchanganya udongo mweupe na matofali mabovu yaliyosagwa, kwa kipimo maalumu. Ripoti iliandikwa, ikafungiwa kabatini. Mwaka 1952 marehemu alipita kwenye karakana ya Baba Alimasi, fundi wa Maniema, pale karibu na Makomeno, anayetengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, kwa mapipa ya zamani. Mama zetu mnazijua mbabula hizo: zinakula makaa bila kushiba, na mvua mbili hazipiti kabla moto haujatoboa kitako. Marehemu alisimama akatazama, kisha akasema, "Alimasi, dawa ya hii mbabula iko mu kabati kwetu."

Alikwenda kwa mkuu wake kuomba ile fiche, karatasi yenye kipimo. Akajibiwa, "Rigobert, ile fiche iko ya serikali, haiko ya mbabula." Marehemu hakuwa mtu wa kubishana, lakini siku ile alibisha: "Serikali inakamata kodi yetu, Bwana. Ile kabati, njo kodi yetu." Aliandika barua ya kuomba ruhusa. Aliandika nyingine. Mimi mwenyewe nilianza kumwandikia nikiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa safi, na nilipofika barua ya kumi na moja nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mapadri walituambia tuwe na subira. Mimi subira ile niliichukia, na nasema hivyo mbele ya jeneza lake.

Huku barua zikisafiri, aliendelea na Baba Alimasi. Udongo mweupe wa maabara unatoka mbali kwa treni, na karakana ndogo haiwezi kuununua. Marehemu akauweka kando, akachukua udongo wa vichuguu vya barabara ya Luano, akakandika nao mbabula kwa ndani. Tatizo ni kwamba kila kichuguu kina mchanga wake, kwa hiyo kipimo cha matofali ya kusaga hubadilika kila mara. Yeye alikuwa anauma kipande, anasema "mabakuli matatu" au "mabakuli manne na nusu", na mbabula zilitoka nzima. Baba Alimasi alimsihi mara nyingi: "Andika ile mambo mu kartasi, ndugu yangu." Naye alijibu kwa kicheko: "Kartasi haiko na meno." Alisema atawafundisha vijana wa karakana akistaafu.

Hakufika kustaafu. Vumbi alilopepeta miaka zaidi ya ishirini lilimkaa kifuani. Alianza kukohoa mwaka 1955, na mwezi wa tano mwaka huu hakuweza tena kupanda ngazi za maabara. Tarehe 18 Juni, akiwa kitandani, ruhusa ikafika. Ilikuwa ruhusa ya jaribio: karakana ilete mbabula kumi na mbili, kila moja iwashwe mara ishirini mbele ya tume, kuanzia Ijumaa tarehe 27 Septemba. Hata moja ikipasuka, karakana hairuhusiwi kugusa mchanganyiko ule tena. Baba Alimasi aliacha kutengeneza ndoo na masufuria ili mafundi wake sita washughulikie jambo hili peke yake, na alimwahidi mama yetu sehemu ya kazi, kwa kuwa nyumba tunamolia ni nyumba ya kazi na funguo zinarudishwa mwisho wa mwezi.

Mwezi wa nane marehemu alilazwa. Nilimpelekea udongo wa kichuguu kipya ndani ya kitambaa. Aliutia mdomoni, akasaga, akasaga tena. Kisha akaanza kulia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia. "Edith," alisema, "sisikie kintu. Kinywa imekufa. Sikia weye."

Nikauma. Tangu utotoni alikuwa ananipa udongo niume, akiniuliza nimesikia nini, nami nilikuwa nasema lolote ili nikacheze. Siku ile pale hospitali nilisikia mchanga, au nilidhani nimesikia, sikuwa na hakika. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyavumilia, nikasema, "Mchanga ni kidogo, baba. Iko muzuri." Akashusha pumzi. "Basi mabakuli matatu," akasema.

Baba Alimasi alifuata neno lile. Mbabula kumi na mbili ziliingia tanuruni, tisa zikatoka zimepasuka. Niliporudi hospitali, baba aliniuliza, "Zilitoka namna gani?" Nikamwambia, "Zote nzima." Alitabasamu, akageukia ukutani, akalala. Alifariki Jumanne tarehe 10 Septemba 1957, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na sita, akiamini uongo wangu. Baba Alimasi hakunisema hata mara moja. Mama anasikia jambo hili leo, pamoja nanyi. Nisamehe, mama.

Marehemu ameacha mjane, mama Simone Mumba. Watoto watatu, mimi Edith, Godefroid na Virginie. Mdogo wake Désiré. Dada zake wawili wanaoishi Kabalo. Na rafiki yake Alimasi, ambaye hakuzaliwa naye, hakusali naye kanisa moja, na tangu juzi analala nje kwenye baraza letu kama ndugu wa tumbo moja. Marehemu alitanguliwa na mtoto wake Alexis, aliyefariki mwaka 1947.

Baba zangu wakubwa wa ukoo mliotoka kaskazini, mmesema kazi ya mikono ya marehemu isiguswe na moto usiwashwe kwenye tanuru mpaka matanga yaondolewe tarehe 20 Oktoba. Nawaheshimu. Lakini udongo unahitaji siku tisa kukauka kivulini katika joto hili la Septemba, na siku tatu za kuchomwa na kupoa. Tusipokanda keshokutwa Jumamosi, tarehe 27 itatukuta mikono mitupu, na alichokihangaikia miaka mitano kitarudi kabatini. Sina siku arobaini. Nawaomba, mbele ya watu wote hawa, mniruhusu niinuke kwenye mkeka. Mkikataa, nitainuka hivyo hivyo, kisha mtanitoza mtakachotaka, nami nitalipa kwa magoti.

Ninaogopa. Sijui kama meno yangu yanajua kitu chochote, au kama yale ya utotoni yalikuwa mchezo tu. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Kwa hiyo baada ya padri kumaliza, kila mmoja atakapochukua konzi ya udongo wa kaburi hili aitupe, mtaniona mimi nikitia kidogo mdomoni. Msiseme nimepagawa, wala shangazi zangu msiulize nitajifungua lini. Nataka kuanza hapa, akiwa bado karibu.

Mungu akupokee, baba, akupe pumzi uliyonyimwa na vumbi. Safari hii nikisikia mchanga, nitasema mchanga.