Bendera ya Mpungani

Tulipotoka kijiji cha Mbingu, mama mmoja alichomoka mpungani, akasimamisha basi letu na kuketi kando ya mwanajeshi mstaafu. Alipakata bendera ya taifa iliyochanika.

"Jirani yangu aliitundika shambani kufukuza ndege," alimweleza. "Kuichoma siwezi. Naipeleka polisi Ifakara."

"Hilo ni kosa kisheria, mama! Jirani gani?"

"Nimemwahidi sitamtaja. Ana kichanga, na hakujua."

"Basi watakuweka ndani wewe. Watu wameifia hiyo bendera."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimeifua."

Mzee aliuliza, "Na ndege walikimbia?"

"Wapi! Waliongezeka."

Nilitamani sheria iwasikie wote wawili.

Basi liliposimama stendi ya Ifakara, askari aliiona bendera, na mama akamweleza kuwa ilitundikwa shambani kufukuza ndege. "Shamba la nani?"

"Langu," mama alijibu, akamfuata.