Vyura Wameandikwa

Kijiwe kilikuwa ukingoni mwa barabara kuu: ubao mmoja wa zamani juu ya matofali, na kila aliyeukalia alijiona mhandisi. Asubuhi hiyo tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Barabara itapanuliwa, njia mbili ziwe sita, na hii ndiyo orodha ya vilivyomo ndani ya eneo la mradi. Fundi Soli, mshona viatu wa hapo, aliisoma mara tatu, kidole kikitambaa mstari kwa mstari. Miti kumi na mmoja. Viota vinne vya ndege. Vyura wa mtaroni, aina mbili. Wafanyabiashara: hakuna. Na chini kabisa: waliomo kwenye orodha watatafutiwa pahali pengine. Aliwageukia wenzake kijiweni.

— Yaani chura anahamishwa kwa heshima zote, mimi nasombwa na tingatinga?

— Tulia, Fundi, alisema Breki, dereva wa malori aliyestaafu bila kupumzisha mdomo. Hiyo siyo barabara. Njia sita za nini? Huo ni uwanja wa ndege wa siri.

— Na vyura?

— Walinzi hao. Chura akisikia mgeni ananyamaza. Kengele gani itamshinda?

Waya, fundi redio, alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Breki, akili zako ulizisahau kwenye kona. Vyura wanahesabiwa kwa sababu mtaroni kuna madini. Barabara ni geresha tu. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Umeyaona wewe?

— Nimeambiwa.

Mama Birika, muuza kahawa, aliwamiminia tena.

— Hamjui kitu nyie. Vile viota vina wenyewe, tena wakubwa. Siku hizi mkubwa akitaka kiwanja anatanguliza ndege. Wakishataga, hati imetoka.

— Sasa tufanyeje? aliuliza Waya.

— Wahenga walishasema, alijibu Mama Birika, aliye juu mngoje chini. Tuwangoje hao ndege washuke, tuzungumze nao.

Fundi Soli hakucheka.

— Nawauliza jambo la maana. Nina mke, nina watoto, nina sindano na kona hii. Wakinisomba, nikashone wapi?

— Haba na haba hujaza kibaba, alijibu Breki kwa huzuni, na wote wakatikisa vichwa kama waliofarijiwa.

Hapo akafika binti mwenye kizibao cha kung'aa, faili kwapani.

— Shikamooni wazee. Natoka kwenye timu ya mazingira ya mradi wa barabara.

Fundi Soli aliinuka hata kabla ya kuitikia.

— Marahaba, mwanangu! Mmetuonea! Chura wa kimo cha kidole mmemwona, mimi na kipara hiki hamkuniona?

— Pole, baba. Leo ndiyo siku ya mwisho ya masahihisho, ndiyo maana nimekuja. Jumanne iliyopita tulikaa hapa tangu alfajiri hadi magharibi, tukaandika kila tulichokikuta. Hapakuwa na mtu. Mlikuwa wapi?

Breki aliitazama lami. Waya alipata kazi ya ghafla ndani ya redio. Mama Birika alifunika birika lililokuwa limeshafunikwa.

Jumanne ile walipoviona vile vizibao, Breki alipiga mluzi: askari wa jiji! Kufumba na kufumbua viatu vilikuwa guniani, jiko kichwani, ubao begani. Wakashinda nyuma ya mashine ya kusaga, wakichungulia na kuwacheka wale wajinga waliopiga magoti mtaroni. Aliyecheka zaidi ni Fundi Soli.

— Baba? alisema binti, kalamu tayari. Niandike mlikuwa wapi?

Fundi Soli aliketi tena ubaoni. Miaka kumi na tisa hakuwahi kukosa kwenye kona ile, hata kwa homa, ila Jumanne hiyo moja.