Kuhesabu Hadi Nne

KISHINDO: Haloo, nani mwenzangu? Namba siijui.

NYAYA: Ni mimi.

KISHINDO: Mimi ndiye nani? Kila anayenipigia huwa ni mimi.

NYAYA: Kaka yako, Kishindo. Nyaya.

KISHINDO: Kaka yangu ana namba nyingine. Nayo huwa haipigi.

NYAYA: Hii simu ya mpiga kamera, yangu haina salio. Hujambo lakini?

KISHINDO: Sijambo. Shikamoo. Nipo kazini, na— mama, klachi! Klachi kwanza, ndipo gia!

NYAYA: Bado unafundisha watu udereva?

KISHINDO: Bado. Leo nina mkunga mstaafu. Amezalisha wanawake elfu, lakini kulitoa hili gari kwenye maegesho kumemshinda. Usinune, mama, nakutania. Haya kaka, sema. Nani amekufa?

NYAYA: Hajafa mtu! Ni pua tu.

KISHINDO: Pua ya nani?

NYAYA: Yako. Yaani, ya yule anayekuigiza wewe.

KISHINDO: Ngoja, ngoja. Nani ananiigiza, wapi?

NYAYA: Kwenye filamu yangu. Si nilikwambia natengeneza filamu?

KISHINDO: Uniambie lini? Nilisikia kwa fundi wa magitaa, nikacheka mpaka nikapaliwa. Mzee wa muziki wa roki, nywele zimemkimbia, eti sasa mwongozaji!

NYAYA: Nywele zipo. Zimepumzika.

KISHINDO: Haya, na hiyo pua?

NYAYA: Sikia basi. Waongozaji wenzangu wanasema "anza". Mimi mdomo umezoea jukwaa, halinijii hilo neno. Nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne!

KISHINDO: Kama tunaingia kwenye wimbo.

NYAYA: Ndiyo hivyo. Sasa waigizaji wangu hawa, mmoja fundi cherehani, mwingine muuza rangi, hakuna aliyewahi kushika hata filimbi. Nusu wanaanza kwenye nne, nusu baada ya nne. Leo mimi nasukuma mlango baada ya nne, kama mtu mwenye akili zake. Fundi cherehani yuko nje, akaja kwenye nne, uso mbele—

KISHINDO: Akala mlango!

NYAYA: Akala mlango mzima. Pua imevimba, macho hayaonani.

KISHINDO: (anacheka) Maskini ya Mungu! Subiri nifute machozi. Mama mkunga naye hoi, nimeweka spika.

NYAYA: Umeweka spika?!

KISHINDO: Ulitaka simu niishike kwa meno? Si umsubiri apone?

NYAYA: Hakuna kusubiri. Ukumbi tumeazimwa, saa tisa wanaingia watu wa mkutano. Na kamera inaondoka na mwenyewe. Ni tukio la mwisho, Kishindo. Miaka mitatu naisukuma hii filamu peke yangu. Nikikosa huo mlango, haina mwisho.

KISHINDO: Sasa mimi naingiaje hapo?

NYAYA: Naomba mgongo wako.

KISHINDO: Mgongo?

NYAYA: Mgongo tu. Kamera iko nyuma yako. Unasimama nje ya mlango, vijiti vyako vya dramu mkononi.

KISHINDO: (kimya)

NYAYA: Haloo? Umepotea?

KISHINDO: Nipo. Ni mlango gani huo, Nyaya?

NYAYA: (mtandao unakwaruza) Unaujua.

KISHINDO: Nataka uutaje wewe.

NYAYA: Wa ukumbi uleule. Onyesho letu la mwisho.

KISHINDO: Dakika ishirini, kaka. Nilichelewa dakika ishirini. Tairi lilipasuka, nikakimbia kwa miguu yangu. Nafika mlangoni, nasikia dramu zinalia ndani. Dramu zangu, mkono si wangu.

NYAYA: Watu walikuwa wanapiga miluzi, wengine wanatupa chu—

KISHINDO: Ukaanza bila mimi.

NYAYA: Nilianza.

KISHINDO: Nikageuka na vijiti vyangu. Miaka kumi na moja hujaniuliza nilifika au sikufika. Na kwenye filamu?

NYAYA: Kwenye filamu muziki unakatika. Mwimbaji anashuka jukwaani, anaenda kufungua mlango.

KISHINDO: Anasema nini?

NYAYA: Anasema... "Nilikosea. Bendi ilikuwa yetu wawili."

KISHINDO: Mtandao mbaya. Rudia.

NYAYA: Aa, mimi tukio sirudii. Jukwaani hakuna kuru—

KISHINDO: Rudia, kaka.

NYAYA: Nilikosea, mdogo wangu. Nilijua uko njiani. Ningeweza kukusubiri, nikaogopa ile miluzi. Tangu siku ile kila nikihesabu, ikifika nne nageuka nyuma kukutafuta. Nisamehe.

KISHINDO: Hayo yamo kwenye skripti?

NYAYA: Hayamo.

KISHINDO: (anavuta pumzi) Mama mkunga anauliza kama unalia.

NYAYA: Mwambie vumbi. Ukumbi una vumbi sana.

KISHINDO: Anasema sauti hiyo anaijua. Eti kichwa kimeshatoka, yamebaki mabega.

NYAYA: Mwambie asante. (anacheka, anapenga kamasi) Vijiti... nikutafutie vya kuazima?

KISHINDO: Viko kwenye buti.

NYAYA: Umebeba vijiti kwenye gari la shule ya udereva?

KISHINDO: Usiniulize. Na nani atahesabu?

NYAYA: Mimi si ndiye mwo—

KISHINDO: Wewe? Wewe ukifika tatu unakimbia! Nitahesabu mimi, nje ya mlango, na pua yangu ibaki ilipo.

NYAYA: Sawa, mkubwa. Saa nane na robo sasa. Mtafika?

KISHINDO: Kwa mwendo wa huyu mama, sijui. Mama, tunabadilisha somo. Indiketa ya kushoto. Kushoto! Hiyo ni waipa.

NYAYA: Kishindo, salio la watu linaisha—

KISHINDO: Basi nisikilize. Wenye mkutano wakija, wapige kelele, wapige miluzi—

NYAYA: Ndiyo.

KISHINDO: Usianze bila mimi.

NYAYA: Sianzi. Nimekaa hapahapa mlango—

KISHINDO: Haloo? Kaka? ... Imekatika. Haya mama, toa breki ya mkono, twende. Leo nasubiriwa.