Spika Bubu ya Lampa

Benchi letu liko mbele ya jengo namba kumi na nne hapa mjini Niš, na usipolijua basi wewe si wa mtaa huu. Kahawa inachemshwa kwa Kifla, ghorofa ya chini, inapitishiwa dirishani ndani ya džezva, kibirika kidogo chenye mpini mrefu, na anayekunywa bila kutoa maoni haalikwi tena. Kifla alikuwa mwokaji mikate. Doktor hajawahi kuwa daktari hata siku moja. Aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na sita, akaona inatosha. Mimi wananiita Profa kwa sababu ya miwani tu. Lampa, ambaye jina lake halisi ni Tihomir, aliunganisha redio kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Jumamosi hiyo alishuka na kasha la bati alilolitengeneza mwenyewe, spika kubwa, hedifoni na kompyuta, akavipanga vyote juu ya benchi. Sisi tukabaki tumesimama kama wageni.

Lampa: Nina saa moja tu. Vukosava kaenda sokoni. Akirudi, akitia mguu pale getini, nataka aisikie sauti yake mwenyewe ikiimba.

Kifla: Anaimba? Vukosava yupi? Huyu huyu shemeji yetu?

Ilibidi Lampa atueleze. Mkewe amekuwa akisema miaka yote hii kwamba mwaka wa sabini na nne aliimba peke yake mbele ya kwaya ya kiwanda, na wimbo ukarekodiwa. Hakuna aliyemwamini. Radunka wa ghorofa ya pili kila akiisikia habari hiyo hucheka mpaka ashike ukuta. Sasa wiki iliyopita Lampa kaipata kanda yenyewe kwa binti wa marehemu fundi mitambo mmoja, akaihamishia kwenye kasha lake. Tukapokezana hedifoni. Nilipovaa nikasikia sauti ya msichana, nyembamba, haina wasiwasi hata kidogo. Nikazivua haraka nisije nikatoa machozi mbele ya Doktor.

Doktor: Sasa tatizo liko wapi? Mpe hedifoni avae, yaishe.

Lampa: Kachekwa na ua mzima, we unataka asafishwe jina sikioni mwake peke yake?

Doktor: Hapo umenishika.

Lampa: Spika ndiyo haitaki. Chipu hii ya sauti, humu kwenye kasha, ina milango miwili, wa hedifoni na wa spika. Unaiandikia kwenye kompyuta: huu fungua, huu funga, sauti kiasi hiki. Mlango wa hedifoni nimeuandikia moja, umefunguka. Wa spika nauandikia moja, nikirudi kusoma nakuta sifuri. Inajifungia yenyewe!

Kifla: Ina ubishi hiyo. Itakuwa imezaliwa hapa hapa Niš.

Doktor: Acha utani, Kifla. Lampa, hebu niambie ukweli. Usiku wa kuamkia leo, dirisha la jikoni lilikuwa wazi?

Lampa: Lilikuwa wazi.

Doktor: Na la sebuleni?

Lampa: Na lenyewe.

Doktor: Basi! Promaja. Upepo wa madirisha mawili umeipitia. Mimi nimebeba watu kwa upepo huo, bwana, shingo hazigeuki wiki nzima. Ifunge kitambaa.

Na kweli Kifla alivua skafu yake, wakaizungushia chipu ndogo kuliko ukucha. Lampa akaandika moja. Akasoma. Sifuri.

Kifla: Hamuelewi nyie. Chipu za siku hizi zinatengenezewa watu wanaoishi peke yao. Imefundishwa kwamba muziki ni siri ya mtu. Ikiona watu wamezidi mmoja, inafunga mlango.

Mimi: Itatuonaje, Kifla? Ina macho?

Kifla: Inatusikia! Spika si ni sikio lililogeuzwa? Muulize Lampa.

Lampa: Hapo hajakosea sana.

Kifla: Mnaona? Tuondokeni, ijue kabaki mmoja.

Naona aibu kuyaandika haya, lakini tuliondoka. Wazee watatu, tukachuchumaa nyuma ya mapipa ya taka, Doktor akiwa na kikombe mkononi, tukakatazana hata kukohoa. Radunka alikuwa dirishani anakung'uta mazulia, akatutazama, akaendelea kukung'uta. Lampa kule benchini akaandika moja.

Lampa: Sifuri!

Doktor: Magoti yangu jamani. Kifla, ukifa sikubebi.

Tuliporudi, Lampa alikuwa amekaa chini. Alisema Vukosava sasa hivi atakuwa ameshamaliza kuchagua vitunguu. Nilimhurumia kwa kweli. Mtu aliyeunganisha maelfu ya redio anashindwa kuitoa sauti ya mkewe kwenye kasha moja.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mwenye begi la barua, mgeni machoni petu.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Mimi Ljupka, ndiye ninayewaletea barua sasa. Namba kumi na nne ni hapa?

— Ni hapa, mama, — alisema Kifla. — Jimiminie kahawa. Ila utoe maoni.

Ljupka aliinua džezva kutoka kwenye karatasi iliyokuwa chini yake. Ilikuwa karatasi ya maelezo ya chipu, yenye mchoro, aliyokuja nayo Lampa, na sisi tukaona inafaa sana kuzuia benchi lisichafuke. Katikati palikuwa na duara la kahawa, na ndani ya duara, picha ya spika.

— Samahani, — alisema Ljupka, — mimi sijui mambo haya. Hapa kwenye picha waya mweusi wa spika unakwenda kwenye chipu, basi. Nyinyi mmeubana pia kwa skrubu kwenye bati la kasha. Kwa nini?

Sote tukainama kuitazama skrubu ile.

Lampa: Kwa nini? Kwa sababu... waya mweusi siku zote unakwenda kwenye bati. Redio zote. Miaka thelathini na moja nimeufunga kwenye bati.

Ljupka: Ndiyo, mzee wangu. Lakini kwa nini?

Lampa akaichukua karatasi, akaifuta kahawa kwa mkono wa shati, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari.

Lampa: Mimi punguani! Hedifoni ndiyo inarudishia umeme kwenye bati. Spika ya chipu hii hairudishi popote, waya zote mbili zinasukuma, kwa zamu. Nimeifunga mguu mmoja kwenye bati, chipu inadhani waya umekatika umegusa kasha, inajifungia isiungue. Imekuwa inajiokoa na mimi! Bisibisi! Nani ana bisibisi?

Doktor akafungua skrubu kwa kisu cha jibini. Lampa akauvuta waya mweusi ukaachana na bati. Akaandika moja. Akasoma.

Lampa: Moja.

Ua mzima ukajaa kwaya. Njiwa waliruka, Kifla akapiga kelele, Doktor alimkumbatia Ljupka pamoja na barua zetu zote. Vukosava alikuwa ndiyo anaingia getini na vikapu viwili, akasimama. Kwaya ikashuka, sauti ya yule msichana ikatoka peke yake. Lampa alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

Radunka akainama dirishani, zulia mkononi.

— Wee Vukosava! Nani huyo anaimba vizuri hivyo?

Vukosava aliweka vikapu chini, akainua kidole kimoja.

— Nyamaza, Radunka. Sasa hivi napanda juu nikuambie ni nani.