Aliyeshika Kamera

Basini niliketi nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akimwonyesha kijana wa kiti cha pembeni video kwenye simu. Nikarefusha shingo, simu ya jirani ni sinema ya bure.

"Huyu ni binti yangu siku alipoanza kutembea," alisema mama. "Juzi aliupeleka mkanda wetu wa zamani kwa fundi, naye fundi akaupitisha kwenye programu ya kompyuta. Chenga zote zimekwisha."

"Imetakata kweli, mama! Hata mimi kazi yangu ni hiyo. Na ona fundi alivyoituliza picha, haiyumbi hata kidogo."

"Hapo ndipo aliponiharibia."

Kijana akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Marehemu mume wangu hayumo kwenye mkanda huu hata mara moja," mama akaendelea taratibu. "Yeye ndiye aliyeshika kamera. Na alikuwa mtu wa kucheka bila sauti, mabega tu. Mtoto akianguka, baba anacheka, picha inatikisika. Nilikuwa nikiona ule mtikisiko, najua yupo."

"Lakini mama," kijana alisema, sasa kwa sauti ya chini, "ukiurudisha huo mtikisiko, wajukuu wakitazama watapata kizunguzungu."

"Wakipate. Ni babu yao huyo."

Dereva akafunga breki kituoni kwa fujo zake za kila siku, tukatikisika sote. Leo sikumlaani.