Habari ya Baridi

Tulikuwa nyuma ya matola, ile pikapu ya kulipia, kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda Lilongwe. Jua la Oktoba lilitupiga bila huruma. Mama Régine, mtu wa Uvira, akamwambia mzee aliyekalia gunia la maharagwe kwamba anaenda mjini kumpigia simu dada yake aliyebaki kule kwenye vita. “Ila naogopa, papa. Sijue nani anasikilizaka.”

Mzee, ambaye hata jina lake hatukulijua, akacheka. “Mi nilisoma Poland wakati wa bakomunisti. Siku moja jeshi ikakamata inchi yote. Usiku hakuna kutoka inje. Ukiinua telefone, sauti inakuambia kwanza: mazungumzo yenu yanasikilizwa. Njo maana tulikuwa tunaongea tu habari ya baridi. Ile ilikuwa mateso, mama!”

“Kumbe balikuwa banawaambia?”

“Kila mara.”

“Bwana yangu, baba ya batoto yangu, hakuna mutu alimuambia. Aliongea ku telefone asubuhi, mangaribi bakakuja kumukamata.”

Mzee aliacha kucheka. Mimi nikatazama barabara, kama mtu asiye na masikio.

Gari likasimama City Centre. “Sasa dada nimuambie nini, papa?”

Mzee akapangusa jasho shingoni. “Muambie huku kuko baridi.”