Kiwanja Kilichokataa Kupona

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, mtoto wa kaka yake, niwasomee safari ya maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Kuvu, naye akaitika bila kinyongo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ambako baba yake alikuwa mtunza tanuri, na ambako vumbi la madini ya risasi lilitua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya vyombo, na juu ya kiwanja walichochezea watoto. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na akiwa darasa la tano alimpoteza mdogo wake, aliyependa kulamba udongo wa pale, ambaye alianza kwa kusahau maneno, akaishia kwa degedege.

Baada ya sekondari alisomea elimu ya udongo, akahitimu mwaka 1985, akaajiriwa katika maabara ya kilimo, na huko ndiko alikokutana na kuvu waishio mizizini, wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanaofika mzizi usikofika na kuusaidia mmea kuvuta madini kutoka ardhini. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na fundi seremala, huyu mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, na mama mkwe wake, Mungu amrehemu, hakuacha kumtania, "Mwanangu kaoa mkulima asiyevuna chakula."

Kiwanda kilipofungwa, mwaka 2003, alirudi kwenye kiwanja kile, akapanda alizeti pamoja na kuvu wake, akawa anazikata kila msimu na kuzifungia stoo, kwa kuwa sumu iliyotoka ardhini sasa ilikuwa ndani ya mashina, na kidogo kidogo vipimo vikashuka, hata akathubutu kuwaambia mabinti zake kwamba wajukuu watacheza pale. Lakini Juni 2011, akiwa safarini, wasafishaji wa halmashauri waliagizwa kuisafisha stoo, wakayatoa mashina yote, wakayachoma katikati ya kiwanja, na mvua ikayashindilia majivu ardhini. Mumewe alimkuta amechuchumaa kwenye weusi ule, naye hakulia, alisema tu, "Tumerudi kule kule, baba watoto."

Alianza upya, ila maabara ilikuwa imechoka naye, misimu ikapita bila vipimo kusogea, na mwaka 2021 figo zake zikaanza kushindwa, madaktari wakakuta madini ya risasi yamejaa mifupani mwake tangu utotoni. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Alituachia agizo moja, "Msiwafariji watu kwa uongo," kwa hiyo tunasema mbele ya jeneza lake kwamba kiwanja hakijapona, watoto wasicheze pale, na mpaka leo hajajitokeza mtu wa kuipokea kazi yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotupikia na kukesha nasi, na wenzake wachache wa maabara waliokuja.

Shangazi, umeinama vya kutosha. Pumzika sasa, kwa amani ambayo ardhi ile haikukupa.